Kahawa ya Mama Iling'olewa Ipandwe Bangi ya Dawa

Admin, ficha jina langu kabisa, maana chumbani kwetu hapa Najma, Doha, tuko sita na wote tunaisoma page hii.

Mimi ni dada wa miaka 34, Mganda wa pande za Mlima Elgon, mlinzi kwenye jengo moja West Bay. Nina hasira sana.

Mwaka juzi kaka yangu mkubwa alinipigia. "Dada, kahawa ni ya wazee. Kuna kampuni ina kibali, inanunua maua ya bangi isiyolevya, wanakamua mafuta ya dawa yaitwayo CBD. Wazungu wanapaka magoti!" Nikatuma mshahara wa miezi minane: mbegu, uzio, banda la kukaushia. Nusu ya kahawa ya Mama ikang'olewa.

Mtaalamu wa kampuni aliwasisitizia wakulima jambo moja tu: mmea dume ukionekana, ng'oa siku hiyo hiyo, la sivyo maua yatajaa mbegu na mafuta yatapungua. Kaka yangu akaona madume ndiyo marefu, yamenawiri, akayaacha! Nilipomuuliza akanijibu, "Ningeng'oaje mimea mizuri hivyo, na wewe umeilipia?" Maua yakapimwa, kampuni ikakataa yote. Hata jirani aliyefuata masharti alilipwa robo ya bei aliyoahidiwa, kwa sababu kila mtu alipanda na soko limejaa.

Hapo ningenyamaza. Lakini mwezi uliopita mwenzangu wa chumbani, nimwite Dada G, alikuwa likizo Uganda. Kama tunavyofanya wote, nilimwomba anibebee unga wa muhogo kutoka nyumbani. Bahati nzuri aliufungua kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Ndani ya unga, chupa mbili za mafuta! Kaka alikamua bangi mwenyewe akayaficha humo, eti niwauzie matajiri wa Doha. Banange, jamani, huku hiyo ni jela! Angefungwa mama wa watoto watatu kwa sababu ya unga wangu. Amerudi, tunalala kitanda cha juu na cha chini, salamu yangu haitikii.

Na juzi Mama kanipigia. Nikadhani ataniomba radhi. "Mwanangu, tuma hela za mbegu, safari hii atang'oa madume. Unataka kaka yako achekwe kijijini?" Wanataka kung'oa nusu iliyobaki, kahawa iliyonisomesha mimi! Nikikataa, nitaambiwa Uarabuni kumenipa kiburi, na Mama hatapokea simu yangu tena.

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Majembe yako tayari, wanasubiri neno langu tu.