Nyuki Waliokaa Barazani

Mzinga ule wa mbao niliununua mimi, na bati la juu nililichagua mimi, kwa hiyo lawama zote zilikuwa zangu. Baba alifuga nyuki misituni kule Sikonge tangu ujana wake, kwenye mizinga ya magome aliyoitundika juu ya miti, mpaka mwaka juzi alipoteleza kwenye tawi akavunjika mguu. Nikamletea mzinga wa kukaa chini, nikauweka nyuma ya jiko la mama, uwanjani peupe. Nyuki wakaingia wenyewe. Baba akaahidi mbele ya mama kwamba maadamu hao wapo, hapandi tena mti. Wakihama, anarudi porini. Na baba yangu akishasema, amesema.

Mwezi wa kumi nilikwenda kuwaona, kutoka Mtendeni ninakoishi. Joto lilikuwa halisemeki. Zamani wakati kama huo manyunyu yalikuwa yameshaanza. Safari hii hata wingu hapakuwa. Nilimkuta mama amefunika kila chombo chenye maji, pipa, ndoo, mpaka bakuli la kuku, maana nyuki walikuwa wanazama kwenye maji ya kunywa. Nikampongeza. Nikawasha na matambara, nikawafukuza kwa moshi wale waliong'ang'ania pipa.

Kesho yake mchana nyuki wakatoka. Walining'inia mbele ya mzinga, wameshikana miguu, rundo zito jeusi. Baba akaja kuwatazama.

"Wanafungasha hao," alisema, akaingia ndani kutafuta kamba yake ya kupandia.

"Baba, mguu huo ukivunjika tena nani atauunga?"

"Mguu ni wangu, mwanangu."

Nilikasirika, lakini zaidi niliogopa. Akilini nilimwona kabisa juu ya mti, na mimi ndiye niliyempeleka huko kwa mzinga wangu wa kisasa. Nikaburuta kigoda hadi kivulini, karibu kadiri nilivyothubutu, nikaketi kuwaangalia wanavyoniaibisha.

Ndipo nikaona kwamba mlangoni pa mzinga palikuwa na nyuki wameinamisha vichwa, wanapepea mabawa kwa nguvu bila kwenda popote. Na pale mama alipomwaga maji ya kuoshea vyombo, wengine walikuwa wamejaa kwenye tope. Kila aliyekwisha kunyonya aliruka moja kwa moja, akaingia mzingani. Nikajiuliza, anayehama anateka maji ya nini? Nikanyata hadi nyuma ya mzinga, nikagusa bati, nikarudisha mkono mbio.

"Baba! Hawahami! Wamekaa barazani tu, ndani hakukaliki!"

Alitoka, akachuchumaa karibu nami kwa shida, akawatazama waliokuwa wanapepea.

"Mizinga yangu ilikuwa kivulini," alisema. "Nilikuwa naenda kurina asali, naondoka. Sijawahi kushinda na nyuki mchana kutwa."

Tukafanya kazi bila kubishana, jambo adimu kwetu. Baba aliwapulizia moshi kidogo huku mimi nikilaza nyasi nene juu ya bati. Mama alijaza beseni maji, akatia magunzi ya mahindi ili wapate pa kusimama wasizame. Niliumwa mara mbili, na nilistahili, kwa kuwa mimi ndiye niliyewafukuza kwenye pipa.

Jua lilipoanza kushuka, rundo likapungua. Wakaingia kidogo kidogo, hadi wakabaki wachache mlangoni. Kesho yake, kwenye joto lilelile, walitoka kiasi cha kiganja tu, na beseni lilivuma kutwa nzima. Nikashusha pumzi.

Baba alikuwa ameketi karibu nami, mguu wake mbovu ameunyoosha.

"Jana nilipoingia ndani," alisema taratibu, "kamba niliiona nikaiacha. Nilikaa kitandani nikamwomba Mungu wasihame."

Nilimgeukia. "Kumbe nawe uliogopa! Sasa kwa nini ulisema utapanda?"

"Nilishasema mbele ya mama yako. Ningefanyaje?"

Nilicheka hadi nikalia. Kutoka jikoni mama akajibu kwa sauti kwamba yeye angemwambia tu baba asipande, na baba angekaa chini.