Nguo Niliyoitia Rangi Gizani

Chungu cha nili ya kutilia nguo rangi kilinuka mkojo uliolala siku tatu, wala sitakipamba kwa maneno mazuri. Kilikaa kando ya jiko nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama, kule Kinole mlimani, kwa kuwa nili hupenda joto. Nami nilikaa kando yake kwa kuwa nilikuwa mwali, na mwali hatoki nje. Wenzangu waliowekwa ndani walilia wakihesabu miezi. Mimi, mvivu wa kutoka juani tangu kuzaliwa, nilinenepa. Baba alikuwa mbali akibeba mataruma ya reli ya Mdachi, mama yuko shambani, na kazi yangu ilikuwa kula na kufundishwa na bibi kutia nguo rangi. Hakubaki mwingine mlimani aliyeijua kazi ile, na macho yake yalikuwa yanafifia. Unayeyusha nta, unachora maua kwenye kitambaa cheupe cha merikani kwa kijiti kilichotafunwa ncha, kisha unazamisha nguo chunguni. Penye nta rangi haiingii. Ukiitoa nta kwa maji ya moto, maua hubaki meupe. Nguo hutoka chunguni ya kijani, ikipigwa na upepo inageuka buluu. Mara ya kwanza nilipiga kelele kama nimeona nyoka.

“Nguo ya kutokea utaitia rangi mwenyewe,” bibi aliniambia. “Maua yakitoka, chungu ni chako. Yasipotoka, nampa Semeni.” Semeni alikuwa binti wa mama mdogo, bado hajawekwa ndani, na ndiye aliyesuuza nguo za bibi mtoni kila siku. Alinichokoza kupitia tundu la ukuta: “Dada, umeshaota mizizi humo?” Nta ilitosha nguo moja tu; wachuuzi walikuwa wameizoa yote kumpelekea Mdachi.

Bibi aliniagiza nikishachora nitundike nguo mlango wa uani, penye upepo, nta igande kabla ya kuzamisha. Lakini nguo ya kutokea haionwi na mtu kabla ya siku yake, nami nililiogopa jicho la Semeni. Tena, niseme kweli, mlangoni ni hatua kumi. Nikaitundika darini juu ya moto, pamoja na mahindi, nta ikalainika na kutambaa. Gizani sikuona kitu. Bibi aliipapasa, akagusa nta, akaridhika, nikaizamisha. Niliposuuza jioni kwa maji ya moto, humo humo ndani, niliona meupe, nikayaita maua.

Siku ya kutoka mjomba alinibeba mabegani. Jua likaniangaza mimi na nguo yangu: hapakuwa na ua hata moja, madoa tu, kama kitambaa cha kufutia masizi. “Dada, umevaa mvua?” Semeni akauliza, wanawake wakacheka ngoma ikilia. Bibi akaja akipapasa, akanishika mguu.

“Mjukuu wangu, wanacheka nini? Maua yametoka?”

Semeni alifungua mdomo. Nikamwahi. “Yametoka, bibi. Yote.”

Akaufunga. Mdogo hambishii dada yake siku ya kutoka kwake. Bibi alilia kwa furaha, akaagiza nishushwe na chungu kitolewe nje, na mbele ya ukoo mzima akauweka mkono wangu juu ya ukingo wa chungu.

Hakunifundisha tena; machoni pake nilikuwa nimehitimu, nami ningeulizaje? Akafariki kabla ya mavuno. Chungu cha nili hulishwa majani na majivu, na kipimo chake ni ulimi, ambao bibi aliondoka nao. Nilikilisha kwa kubahatisha mpaka kikaota funza. Semeni alikuja, akachovya kidole, akaonja, akatema. “Kimekufa, dada.” Tangu hapo hakunitania tena, mpaka siku tuliyomzika yeye naye.

Siku hizi Mdachi hayupo, na Morogoro Mjini maduka yamejaa nguo za maua zisizonuka. Juzi mwalimu wa wajukuu wangu alipanda mlima na daftari. “Shikamoo, bibi. Nasikia wewe ndiye uliyerithi chungu.” Nikamweleza nta, kijiti, kuzamisha. Akaandika nusu ukurasa, akauliza chungu hulishwaje, akainua kalamu na kungoja. Nikamwambia anywe uji, unapoa.