Mchonga Vifuu Aliyekuja Dukani

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana haya niliyaona kwa macho yangu mawili, mchana kweupe, hapa hapa Dubai.

Nilikuwa nauza kwenye duka la vitu vya kale Al Muraqqabat. Bosi wangu, ambaye jina lake silitaji kwa sababu halistahili mate yangu, alikuwa Mmombasa mwenye maringo ya tausi na akili za kuku. Afrika Magharibi hajaikanyaga hata ndotoni, lakini kwa wateja yeye ndiye mtaalamu wa huko! Alichojivunia zaidi ni vikombe vya vifuu vya nazi vilivyotoka huko, vyeusi, vikongwe, vimechongwa ndege na wanawake kwa ufundi wa kukutoa machozi. Chini ya kila kimoja palikuwa na alama ya mchongaji. Unajua alizifanyaje? Alizifuta kwa msasa, apate kudanganya kwamba vilitoka kwa mfalme.

Basi siku moja baada ya alasiri akaingia mzee, mikono imejaa vumbi la vifuu. Akanisalimia kwa Kibondei cha kwetu Muheza. Niamini! Bosi naye aliapa baadaye kwamba alisikia Kimvita cha kwao Mombasa.

Mzee akashika kikombe, akakipapasa chini.

"Nani kaniondoa hapa?"

Bosi akacheka. "Mimi. Ulikuwa unanichafulia mali. Yalla mzee, toka nje."

"Haya. Basi nachukua na vilivyobaki."

Akaondoka mikono mitupu. Mlango, nakuapia, haukufunguka. Nikageukia rafu: vikombe vyote laini kama yai. Hakuna ndege, hakuna mwanamke, hakuna hata mstari.

Bosi akawa anavipapasa huku akilia kama mtoto, ndipo nikaviona vidole vyake. Laini vile vile.

Mpaka leo mashine za alama za vidole hazimtambui. Kila ofisi wanampangusa vidole, wanamwambia arudie, arudie tena. Amejifungia chumbani Al Baraha, anavaa glavu kwenye joto hili. Mimi niliacha kazi siku ile ile, na nikisikia Kibondei barabarani sigeuki, hata awe ndugu yangu.

Nawe unayepamba sebule kwa kazi ya mikono ya watu usiotaka hata kuwajua, uliza imechongwa na nani kabla hujaigusa. Yakikukuta, usije kwangu kutafuta dawa. Sina, na ningekuwa nayo nisingekupa.