Sura ya Mzee Dismasi kwenye tangazo la msiba

Hakuwa na kompyuta. Hakuwa na meza, hakuwa na mashine ya kuchapisha, hakuwa na kibao chenye jina lake mlangoni, wala hakuwahi kuketi darasani akafundishwa rangi ipi ikae na ipi. Hakuwa hata na simu nzima. Kioo cha ile aliyoachiwa na dada yake kilikuwa na ufa kutoka pembe ya juu hadi ya chini, na kila sura aliyoitengeneza ilipita chini ya ufa huo.

Kitu kingine alichokosa Dainess Castory amekuja kukijua mwezi uliopita tu. Hakuwa na hofu.

Sasa anayo.

Saa nne asubuhi, Kasingirima, mjini Kigoma. Dainess, mwenye umri wa miaka 31, ameketi kwenye kiti cha plastiki barazani kwa mama yake mdogo, anatengeneza tangazo la saluni. Anaweka picha, anaandika bei za kunyoa, anabadili rangi ya herufi. Dakika kumi, kazi imekwisha.

Lakini haitumi. Anaipakua, anaifungua, anaikuza kwa vidole viwili, anasoma neno moja moja huku midomo ikimcheza. Anaifunga. Anaifungua tena. Mara ya nne kidole kinasimama juu ya alama ya kutuma na hakishuki.

"Tuma basi, dada'angu," anasema Clinton, mwenye saluni, aliyesimama mbele yake. "Au unahakikisha kama bado napumua? Napumua! Utepe mweusi usiniwekee."

Mama yake mdogo anaangua kicheko jikoni. Dainess hacheki. Anatuma, kisha anaifumbata simu kwa viganja kana kwamba itamng'ata.

Kwa miaka mitatu kazi hii ndiyo iliyomweka mjini. Anatumia programu ya bure ya mtandaoni yenye violezo, yaani matangazo yaliyokwisha kupangwa. Mtu anaondoa picha na maneno yaliyomo, anaweka yake. Harusi, mikutano ya injili, safari za boti, misiba. Shilingi elfu tatu kwa tangazo, na mwezi ukiwa mzuri hupata laki moja na nusu.

"Nilijifunza kwa kubonyeza," anasema. "Nikikosea, narudisha nyuma. Ndiyo raha ya simu, hakuna kosa lisilorudi. Nilidhani hivyo."

Mwezi uliopita kwaya moja ya mjini ilimwomba tangazo la kutimiza miaka arobaini. Katikati aliweka picha ya mmoja wa waanzilishi wake, Mzee Dismasi, mkazi wa Kagunga, kijiji kilicho ziwani karibu na mpaka wa Burundi. Fremu ya dhahabu ilimkaa vizuri mzee yule.

Siku tatu baadaye alifariki fundi mwashi aliyeitwa Adolf, aliyewahi kuimba katika kwaya hiyohiyo. Familia ilikuwa na haraka. Dainess alifanya wanavyofanya wengi wa kazi yake: alinakili tangazo lililopita, akabadili maneno, akaweka utepe mweusi na mshumaa, akaiweka picha ya Adolf juu ya ile ya zamani. Kwenye kioo aliiona. Mtandao ulikuwa unasuasua na bando lilikuwa linaisha. Picha mpya haikuwahi kupanda mtandaoni. Alipopakua, faili lilitoka na sura ya zamani, na yeye hakulifungua. Alilituma hivyohivyo.

Aligundua kosa baada ya dakika ishirini, akalifuta tangazo. Lilikuwa limeshasambaa kwenye makundi mengine ya simu, hadi Kagunga.

Asubuhi hiyo Mzee Dismasi alikuwa amepanda boti kwenda mjini. Mkewe, Mama Leonia, hasomi. Kwenye simu ya jirani aliona mshumaa, akaona utepe, akaona uso wa mumewe.

"Mana yanje! Mungu wangu, boti imezama!"

Jirani mmoja alimwambia jina lililoandikwa ni la mtu mwingine. Wote waliokuwapo wanakumbuka alivyojibu: "Jina watu hukosea. Uso huu nimeamka nao miaka arobaini na miwili."

Akakimbilia ufukweni. Akateleza kwenye mawe, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Watu wakajaa nyumbani kwake, wanawake wakalia, wanaume wakaanza kuulizana mwili utaletwa lini. Jioni mzee alipofika Kibirizi, boti zinakotia nanga mjini, akawasha simu na kupiga nyumbani, mkewe hakuikubali ile sauti. Matanga hayakuvunjika mpaka aliposhuka kwenye boti kesho yake, miguu ikiwa ndani ya maji, akiitwa kwa jina na kila mtu.

Dainess alimpigia mzee simu siku hiyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaongea na marehemu."

Akakata simu. Hapo, kwa kuchanganyikiwa, akafanya kosa la pili. Akaingia kwenye programu yake, akachagua kiolezo kizuri, akaandika *Naomba radhi* kwa herufi za mviringo, akazungushia waridi jeupe, akatuma.

Jibu la mzee lilikuwa fupi: "Umetuletea maua. Ya kaburini?"

Tangu hapo hajalala vizuri. Mkwe wa mzee ameapa kumpeleka polisi. Gari likisimama nje, Dainess huingia ndani. Simu ikiita namba asiyoijua, huiacha iite mpaka ikatike. "Naota natuma picha," anasema. "Nikiifungua naikuta sura ya mama yangu mdogo."

Juzi ulifika ujumbe wa Mama Leonia, umeandikwa na mumewe neno kwa neno: *Picha sitaki tena. Aandike kwa mkono wake, barua isomwe mbele ya wote niliolia nao. Ifike kabla ya Jumapili. Nikiridhika, yameisha. Nisiporidhika, mkwe wangu aende anakotaka.*

Dainess alinunua karatasi na kalamu. Hakuwa ameandika barua tangu shule. Hapakuwa na kiolezo. Alichana karatasi tano. Ya sita ameitunza, na baada ya kusita sana anakubali kuisoma kipande:

"Mama, sikuufungua ule mlango kabla ya kuwaita watu wapite. Sikukutazamia mumeo kama ambavyo ningetaka nitazamiwe wangu. Mkono wako uliovunjika ni wa kulia, na najua mihogo yako haijapaliliwa. Ukinipa ruhusa nitakuja na jembe langu, nipalilie mpaka mkono upone. Simu nitaiacha mjini."

Hilo ndilo tumaini lake lote kwa sasa: kuitwa Kagunga kwa jembe, si kwa polisi.

Saa sita mchana yuko mwaloni Kibirizi. Boti ya Kagunga inapakia sabuni na magodoro. Nahodha, Nickson, ananyoosha mkono kupokea bahasha. Dainess anaitoa karatasi tena, anaisoma tangu juu hadi chini. Anairudisha. Anaitoa.

"Dada, ziwa halisubiri," anasema Nickson. "Hiyo ni barua au mtihani?"

"Mtihani."

Analamba gundi, anafunga, anapitisha kidole gumba kwenye mkunjo mara mbili. Juu anaandika: *Mama Leonia, Kagunga.* Nickson anaitia ndani ya mfuko wa nailoni, anaifutika kifuani.

"Na jibu nilete?"

"Lete."

"Hata likiwa baya?"

Dainess anatazama mkono wake mtupu. "Lete, kaka."

Injini inawaka. Simu inatetemeka mfukoni mwake, pengine mteja, pengine mkwe. Haitoi. Anasimama palepale, maji yakimlowesha viatu, mpaka boti inapoingia ziwani na bahasha yake.