Kibali cha Kukung'uta Vumbi

"Maombi ya Idhini ya Matengenezo Madogo ya Chombo cha Usafiri." Ndivyo linavyoitwa, katika ofisi moja hapa Bariadi, vumbi lililoziba chujio la hewa la gari la chanjo ya mifugo.

"Mayu, kijijini Shishiyu wamekusanya ng'ombe tangu asubuhi," dereva alimwambia karani, akimwita mama kwa Kisukuma. "Niruhusu nilikung'ute tu chujio, ni bure."

"Bure haina kifungu cha bajeti, baba. Kununua jipya ndiko kuna kifungu."

"Fedha ipo?"

"Haipo."

Nikiwa nyuma ya dereva kwenye foleni, nilijiuliza mtu anaombaje idhini ya kutotumia fedha. Karani alivua miwani, akatoka nje, akamshikia boneti. Dereva akaligongagonga chujio kwenye tairi, vumbi likatoka, gari likaenda Shishiyu.