Niliulizwa Nina Shida Gani, Nikasema Sina

Siku niliyopandishwa cheo nililia mpaka mlinzi wa getini akaja kuniuliza nani amefariki.

Nikamwambia hakuna aliyefariki, nimepanda cheo.

Akanitazama, akaitazama karatasi mkononi mwangu, kisha akarudi getini taratibu bila kunipa mgongo. Nadhani mpaka leo ananiogopa.

Ngoja niwasimulie, maana jambo hili nikikaa nalo peke yangu litaniua kwa presha.

Mimi ni mhasibu wa serikali. Msiniwazie wale wa kwenye matangazo, suti kali na ofisi ya vioo. Mimi ni wa idara ya maji, kituo cha mbali, chumba chenye dirisha lisilofungika na feni inayozunguka ikijisikia. Tulikuwa watatu. Mkubwa wetu akastaafu, meza yake ikabaki tupu, kazi zake zote zikahamia kwangu. Cheo chake hakikuhama.

Tukabaki wawili, mimi na Baadaye.

Baadaye si jina lake, ni jibu lake. Ukimpa kazi anakwambia, "Baadaye, dada." Ukimuuliza imefikia wapi, "Baadaye kidogo." Lakini ana roho nzuri jamani, hana kinyongo na mtu. Kwao ni pale pale. Amejenga, ana bustani ya mboga, anafuga kuku. Ukimtajia mji mkubwa anashika kichwa kwa mikono miwili.

Mimi sasa ndiye mwenye shida na mji.

Mume wangu anafanya kazi kiwandani huko mjini, palipo makao makuu ya idara yetu. Binti yetu yuko naye, anasoma huko, na mama mkwe ndiye anayemwangalia. Mimi huenda mwisho wa mwezi na mfuko wangu mmoja.

Safari moja nilifika nikiwa hoi, nikalala mpaka jua likawa kali. Nikasikia sebuleni binti yangu anamwambia bibi yake, kwa adabu zote, "Bibi, punguza redio. Mgeni bado amelala."

Huyo mgeni ni mimi niliyemzaa.

Nililia kimya kimya, shuka mdomoni, nisije nikamuaibisha mama mkwe ambaye hana kosa. Siku hiyo nikaapa nitahamia mjini kwa njia yoyote ile. Maombi ya uhamisho nilishatuma mpaka nikachoka, na jibu ni neno moja tu. Subiri.

Ndipo ikatoka fununu. Makao makuu kuna nafasi ya mhasibu, na anayeamua nani aende ni Mhasibu Mkuu wa idara, tunamwita Mkuu basi. Tena Mkuu huyo huyo ndiye atakayefungua semina ya wahasibu wa vituo vyote. Mada ya semina, sikilizeni vizuri, ilikuwa kukuza taaluma na kujenga mahusiano ya kikazi.

Nikaona hii sasa imeandikwa kwa ajili yangu.

Shida ni kwamba kituoni lazima abaki mtu wa kuhudumia wananchi. Nilijiandaa kumbembeleza Baadaye, nikanunua hadi soda. Kabla sijafungua mdomo akaniwahi.

"Nenda wewe, dada. Mimi nikakae siku nzima kwenye kiti kilichovalishwa kitambaa, kwani nimekosa nini?"

Soda akanywa hata hivyo.

Ukumbi ulipendeza. Kila mtu kavishwa kitambulisho shingoni, kapewa mkoba wenye kalamu ambayo haiandiki. Nikakaa mstari wa mbele, nimesuka, nimevaa gauni la harusi ya wifi yangu. Nilitaka Mkuu akinyanyua macho tu kwenye hotuba yake, akutane na sura yangu.

Mshereheshaji akasema mgeni rasmi yuko njiani. Tukasubiri. Akasema anaegesha gari. Tukasubiri, wengine wakasinzia. Mwishowe akaingia mama mmoja mwenye hereni kubwa na miwani, akapanda jukwaani akasoma, "Hotuba ya Mhasibu Mkuu, iliyosomwa kwa niaba yake na Naibu wake."

Jirani yangu, mzee wa kituo kingine, akaninong'oneza kwamba huyu Mkuu haji kamwe, kila mwaka anatuma mtu.

"Anakuwa wapi?" nikamuuliza.

"Nani ajuaye? Wakubwa wana mambo yao."

Basi nikajipa moyo. Kama Mkuu hayupo, Naibu yupo.

Akaingia mkufunzi. Kijana mtanashati, kipaza sauti kimemkaa shavuni, anatembea huku na huku kama sakafu ina moto. Akatuambia tusimame, kila mtu amtafute asiyemjua, waongee mpaka kengele ilie.

Ndugu zangu, mmewahi kuona wahasibu wakiambiwa wapige stori? Ukumbi mzima uliganda ukutani. Mhasibu ukimuuliza habari za nyumbani, anatafuta kwanza kiambatanisho. Mimi nilipangwa na baba mmoja aliyenisalimia, akatazama viatu vyake, akaniuliza, "Na kwenu mfumo unasumbua?" Nikasema unasumbua. Akasema, "Hata kwetu." Tukasubiri kengele.

Mkufunzi akasikitika. Kisha akatupa siri, na siri hiyo ndiyo iliyoniponza.

"Ukikutana na mkubwa," akasema, "usiombe kitu. Anayeomba anaonekana mzigo. Onyesha thamani yako kwanza. Mueleze unachoweza, na yeye mwenyewe atakutafuta." Akatuambia tena kila mmoja aandae mtu mmoja ofisini wa kumsemea. Makao makuu wakipiga simu kuulizia habari zako, watasikia nini?

Nikameza yote. Wakati wa chai sikugusa hata andazi, nikatoka nje kumpigia Baadaye.

"Sikiliza. Mtu yeyote wa makao makuu akiniulizia, usimwambie nataka kuhama."

"Lakini si unataka kuhama, dada?"

"Nataka. Ila usiseme. Isifie kazi yangu tu."

"Na yale ya mtoto kukuita mgeni? Yale yanauma, yale. Mimi mwenyewe uliponisimulia nilikosa raha."

"Hayo ndiyo usiyataje kabisa. Nitaonekana mzigo."

"Sawa. Nitakusifia."

Kwa mara ya kwanza hakusema baadaye. Ningeshtuka hapo hapo, lakini nilikuwa na haraka ya kumuwahi Naibu.

Chakula cha mchana nilihakikisha niko nyuma yake kwenye foleni. Nikamshikia sahani. Nikambebea maji. Nikajiuza, jamani, nikajiuza kama nguo za mnadani. Nikamwambia ninavyoendesha kituo bila mkubwa, hesabu zangu zinavyofungwa kwa wakati, wakaguzi wanavyokuja na kuondoka bila hoja. Mama wa watu anasikiliza, anatikisa kichwa, hereni zinacheza.

Akaweka kijiko chini. Akavua miwani. Akaniangalia kama mama anavyomwangalia mwanawe anayeficha homa.

"Mwanangu, umenieleza mazuri mengi. Sasa niambie ukweli. Una shida gani tukusaidie?"

Wasomaji wangu, mlango ulifunguliwa mpaka mwisho. Ilibaki kuingia tu.

Uhamisho ulinifika kwenye ncha ya ulimi. Nikamwona akilini binti yangu pale sebuleni, anamwambia bibi yake apunguze redio. Halafu, upande wa pili wa ukumbi, nikamwona mkufunzi, na sauti yake ikanijia kichwani. Anayeomba anaonekana mzigo.

"Sina shida yoyote, mama," nikasema. "Nimekuja kujifunza tu."

Akanishika bega. "Wewe ni wa pekee. Tangu asubuhi kila anayenifuata ana lake."

Nililala siku hiyo natabasamu. Nilijiona nimecheza kama mkubwa.

Semina ikaisha, tukapigwa picha ya pamoja, tukapewa vyeti, nikarudi kituoni. Nikamkuta Baadaye amesimama mlangoni, ananisubiri. Baadaye, anayekwenda hata chooni kwa awamu, amesimama.

"Dada, kaa chini. Mkuu alikuja."

"Mkuu yupi?"

"Mhasibu Mkuu mwenyewe. Siku ile ile uliyonipigia simu, mchana. Alikaa kwenye kiti chako hicho."

Nikakitazama kiti. Nikashindwa kukikalia.

Kumbe Mkuu ana utaratibu wake. Siku wahasibu wote wako semina wanamsubiri, yeye anazunguka vituoni kimya kimya. Alimwambia Baadaye kwamba ukumbini watu wanamwonyesha meno tu, lakini ofisi iliyobaki na mtu mmoja inamwonyesha ukweli. Nami nilikuwa mstari wa mbele, na gauni la harusi, nikiutazama mlango wa ukumbi.

"Akaniuliza nani anaendesha hapa," Baadaye akaendelea, uso umemng'aa kwa furaha. "Nikamwambia ni wewe. Dada, nilikusifia. Nilimwambia ukiumwa hata kidogo tu, hapa kila kitu kinasimama. Nikamwambia mimi mwenyewe hapa ni kama pambo."

"Ukasema hivyo?"

"Si uliniambia nikusifie? Akaniuliza tena, huyu dada ana tatizo lolote? Ya mtoto yakanifika hapa kooni. Nikakumbuka ulivyonionya. Nikamwambia hana."

Nikamkumbatia. Kweli kabisa, nilimkumbatia. Nilijua kazi imekwisha, nikaanza hata kugawa vyombo vyangu kichwani, jiko nitamwachia nani, kitanda nani.

Baada ya muda zikaja barua, yake na yangu.

Yangu ilinipandisha cheo. Kwa kuwa kituo hakiwezi kwenda bila mimi, ninathibitishwa kuwa mkuu wa hesabu wa kituo hicho hicho, na nisiondolewe hapo mpaka itakapoamuliwa vinginevyo.

Ya Baadaye ilimhamishia makao makuu. Ilionekana ndiye anayeweza kuondolewa kituoni bila kazi kuharibika.

Hapo ndipo nilipolia, na mlinzi akaja. Baadaye naye alikuwa amekaa sakafuni, barua mapajani, anarudia neno moja. "Kuku wangu. Dada, kuku wangu."

Nikajikaza, nikampigia simu Mkuu. Alinipokea kwa heshima kubwa, akanipongeza. Nikamweleza yote, mume, binti, mama mkwe, sikubakiza kitu. Nikamwomba atubadilishe, mimi niende, Baadaye abaki na kuku wake.

Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Dada yangu, ungesema."

"Sikupata nafasi ya kukuona, mkuu. Nilikuwa kwenye semina yako."

"Nilituma Naibu makusudi asikilize shida zenu. Aliniambia watu wote wana shida isipokuwa mmoja. Nikafurahi sana nilipojua ni wewe." Akashusha pumzi. "Barua zimeshatoka. Nikigeuza yako leo, kesho wote watataka nigeuze zao. Subiri kidogo."

Neno lile lile.

Baadaye aliondoka akiwa amebeba majogoo wawili kwenye kapu. Ananipigia kila wikendi kunililia kwamba mjini hakuna pa kupandia mboga.

Sasa mnadhani imeisha? Mwaka uliofuata nikaletewa mwaliko. Semina nyingine ya wahasibu, na safari hii mimi ni mtoa mada. Naibu alinipendekeza mwenyewe. Nizungumzie jinsi nilivyopanda kwa kujenga mahusiano mazuri na viongozi.

Nikaenda. Ukumbi ule ule, viti vile vile na vitambaa vyake. Naibu mstari wa mbele na hereni zake, kaja kusoma hotuba ya mgeni rasmi kwa niaba yake. Nikapanda jukwaani, moyo umeshaamua.

Nikasema, "Ukikutana na kiongozi, mwambie shida yako. Usizunguke. Mimi hapa, kwa mfano, naitafuta familia yangu. Mwanangu ananiona mgeni. Naomba uhamisho kwenda makao makuu. Naomba sasa hivi, mbele yenu wote, na namwomba Naibu aliyekaa hapo."

Machozi yakanitoka bila kuyaruhusu.

Kisha Naibu akasimama, akaanza kupiga makofi. Wote wakasimama. Wahasibu wale wale wa ukutani, wanapiga makofi mpaka viganja vyekundu. Mkufunzi akachukua kipaza sauti, naye analengwa na machozi.

"Mmeona?" akawaambia. "Huo ndio mfano. Mpaka machozi. Nataka kila mmoja wenu aombe namna hiyo."

Naibu akanikumbatia, akaninong'oneza, "Umeigiza vizuri, mwanangu. Mimi nilijua wewe huna shida."

Funzo langu ni fupi. Ukiulizwa una shida gani, jibu siku hiyo hiyo. Ukichelewa, utakuja kusema ukweli mtupu na watu watakupigia makofi.