Taa ya Kona Iliyovunjika Ikaendelea Kuwaka

Mume wangu ni fundi umeme wa kiwanda cha nguo, na kiwandani wanamwita Dakika Saba. Jina alijitakia mwenyewe. Umeme ukikatika na kurudi, taa zao kubwa za zebaki haziwaki papo hapo. Zinataka zipoe kwanza, ndipo zianze upya, kwanza hafifu, kisha taratibu zikolee. Watu wakimpigia kelele, yeye husimama mikono nyuma na kusema, "Dakika saba tu, jamani." Hata mimi nikimwita mezani hunijibu hivyohivyo, na chakula kinapoa.

Si msemaji, lakini mguse taa zake uone. Sijui amenisimulia mara ngapi: ndani ya taa mna kichupa kidogo chenye tone la zebaki, umeme unapita, zebaki inapata moto, inageuka mvuke, na mvuke huo ndio unaong'aa. Usiiunge bila choki ya kuubana umeme, itajimaliza yenyewe. Usiiwashe na kuizima ovyo. Na kile kioo kikubwa cha nje si pambo, kinazuia miale inayounguza macho. Kikivunjika, kichupa cha ndani kinaweza kuendelea kuwaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo zima, toa watu, badilisha taa. Mimi nilikuwa nikipiga miayo tu, lakini maneno hayo nimeyashika kama jina langu.

Dada yake, wifi yangu, alifanya kazi kwenye kiwanda hichohicho. Ni mjane mwenye watoto wawili. Kazi yake ilikuwa kuziba kasoro: kitambaa kikitoka mashineni na uzi uliokatika, anaupitisha mwingine kwa sindano hadi huoni palipokuwa na tundu. Tulichokozana kila siku, mawifi ni mawifi. Alikuwa akisema nimemnenepesha kaka yake mpaka ngazi za kiwanda zinalalamika. Lakini macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, na aliogopa msimamizi akijua atamtoa kwenye kazi ile, na nyingine hakuwa nayo. Basi mume wangu akamhamishia meza chini ya taa ya kona, iliyokuwa na nguvu kuliko zote. Alifanya hivyo kwa kumpenda, hilo naliapia.

Asubuhi moja fundi wa kupaka rangi akaigonga taa ile kwa mpini mrefu wa brashi. Kioo cha nje kikapukutika. Taa yenyewe ikaendelea kuwaka, tena kali zaidi, ina ubuluu. Mume wangu akaenda mbio kuizima, dada yake akamshika mkono.

"Kaka, usiizime. Leo ndiyo naona uzi vizuri. Niache nimalize jora hili."

"Kioo kimevunjika, dada. Hiyo siyo taa ya kukaa chini yake."

"Si inawaka? Wewe nawe kwa kunitisha! Nimalize kwanza."

Akamwachia. Mtu aliyebishana na wasimamizi miaka ishirini na sita bila kutetereka, akashindwa na dada yake mwenyewe. Jora halikuisha mpaka jioni.

Jioni hiyo wifi alikuja kwetu macho mekundu, yanachuruzika, anasema ni kama ametiwa mchanga. Mume wangu akajibu haraka, "Vumbi la pamba hilo. Osha na maji safi." Mimi habari ya kioo sikuwa nayo. Nikaleta maji, nikatafuta kabatini dawa ya macho ya zamani, nikamtia kwa mkono wangu huu.

Kesho yake mume wangu akabadilisha taa kimyakimya. Alijipa moyo kwamba macho yaliyoungua hivyo mara nyingi hupona yenyewe kwa siku mbili tatu. Na kweli, mara nyingi hupona, mtu akipumzika na kuyaacha. Wifi hakupumzika, kwani vumbi nani analipumzikia? Alirudi mezani, akayasugua, akatia tena ile dawa yangu. Daktari alipoyaona yalishaingia vidonda. Akauliza, "Kuna mwanga mkali wowote uliokaa karibu nao?" Wifi akasema hapana, ni vumbi, kaka yake mwenyewe amesema. Mume wangu alikuwa amesimama pembeni yake, akanyamaza.

Vidonda vimepona, vimeacha makovu. Wifi sasa anaona vivuli tu. Anaishi kwetu na watoto wake, na mimi nimeshindwa hata kumtania.

Juzi, watoto wakiwa nje, mume wangu akakaa mbele yake akamweleza yote, akilia. Ndivyo na mimi nilivyojua. Nilimchukia, nikamhurumia, nikakumbuka ile dawa, nikajichukia na mimi.

Wifi alisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe ulijua siku ileile?"

"Nilijua."

Wifi akatega sikio sauti za watoto nje.

"Wanangu wasilisikie hili," akasema. "Baba yao hayupo, na mimi ndiyo hivi. Amebaki mjomba wao tu wa kumwamini. Usiwanyang'anye na huyo."

Mume wangu akaitikia. Sasa kila jioni wanamkimbilia mlangoni, wanamning'inia shingoni, na yeye anawabeba huku amegeuza uso.